Kliniki ya Meno Inayoeleza Kabla ya Kutibu: Tathmini ya Huduma ya Kutibu Mzizi wa Jino

Kliniki ya meno hupimwa kwa mambo mengi: usafi wa vyombo, wepesi wa mikono ya daktari, muda wa kusubiri, na uimara wa kazi baada ya miaka kupita. Katika tathmini hii ninakiweka mbele kigezo kimoja ambacho wagonjwa wengi hatuthubutu kukidai, nacho ni maelezo. Nimetibiwa gego lililooza katika kliniki ambayo sitaitaja jina, na ninaipendekeza kwa moyo mkunjufu, kwa sababu kabla chombo chochote cha tiba hakijaingia kinywani mwangu nilikwishajua ugonjwa umefika hatua gani, ni tiba zipi zinazowezekana, na kila tiba ingeliacha jino katika hali gani. Kasoro zipo pia, na mojawapo si ndogo hata kidogo.

Uchunguzi ulianza kwa maswali. Daktari alitaka kujua kama maumivu huanza yenyewe au huamshwa na kitu. Kama ni maji baridi yanayoyaamsha, je, hukoma mara baridi inapoondoka au hubaki yakipwita kwa muda. Kama huniondoa usingizini. Na kama ninaweza kuligusa kwa kidole jino lenyewe linalouma. Mgonjwa anaweza kudhani kwamba hayo ni mazungumzo ya kumliwaza tu, lakini majibu yake hubeba sehemu kubwa ya uchunguzi, na hapa sina budi kueleza jinsi jino lilivyoundwa ili thamani ya maswali hayo ionekane.

Juu kabisa kuna enameli, ambayo ni ngumu kuliko kitu kingine chochote mwilini, lakini haina chembe hai ndani yake, kwa hiyo ikishatoboka haioti tena. Chini yake kuna dentini, yenye vijitundu vidogo mno vinavyopitisha hisia kuelekea ndani. Katikati kuna kiini cha jino, sehemu laini yenye neva na mishipa ya damu. Bakteria wanaoishi katika ukoga hula sukari tunayokula na kutoa asidi, na asidi hiyo inapoteremsha pH, kipimo cha ukali wa asidi, chini ya takriban 5.5 enameli huanza kupoteza madini yake. Uozo unapokuwa ungali katika enameli, jino haliumi. Ukifika kwenye dentini, vitu vya baridi na vitamu huanza kuchoma. Ukikikaribia kiini, nacho huvimba, na kwa kuwa kimefungiwa ndani ya kuta ngumu hakina pa kutanukia. Ndiyo maana maumivu yake huwa makali kuliko ukubwa wa tundu linaloonekana.

Uvimbe huo wa kiini, alivyonieleza daktari, una hatua mbili ambazo tiba zake ni tofauti kabisa. Katika hatua ya kwanza maumivu huja pamoja na baridi na huondoka nayo baada ya sekunde chache. Uozo ukiondolewa na jino likazibwa vizuri, kiini hupona. Katika hatua ya pili maumivu hubaki hata baada ya baridi kuondoka, huja bila kuchokozwa, na huzidi mtu anapolala. Kiini kilichofika hapo hakiponi, na kuliziba jino juu yake ni kufungia ugonjwa ndani. Hatimaye kiini hufa, na maumivu yanaweza kutoweka ghafla, jambo linalowadanganya wengi wakaamini kwamba wamepona, ilhali bakteria wanaendelea kuteremka hadi kwenye ncha ya mzizi na kufanya usaha ndani ya mfupa wa taya. Laiti kila mtu aliyewahi kusema kwamba jino lake "lilitulia lenyewe" angeelezwa jambo hilo kwa utulivu kama nilivyoelezwa mimi.

Baada ya maswali vikafuata vipimo. Pamba iliyopozwa iligusishwa kwanza kwenye meno mazima ya jirani, kisha kwenye gego lenye shida, ili daktari apate kulinganisha. Meno yakagongwa taratibu kwa mpini wa kioo, kwa kuwa jino linalouma likigongwa huashiria kwamba ugonjwa umekwishafika kwenye tishu zinazouzunguka mzizi. Ikapigwa picha ndogo ya eksirei, ile inayoonyesha jino zima mpaka ncha ya mzizi, nami nikaonyeshwa kwenye skrini namna ya kuisoma: enameli huonekana nyeupe sana, dentini ya kijivu, na uozo ni kivuli cheusi, ambacho kwangu kilikuwa kimekigusa kiini. Nilipouliza kuhusu mionzi, daktari alisema kwamba picha ndogo ya namna hiyo hutumia kiasi kidogo sana, lakini hata hivyo haipigwi pasipo sababu, na kwamba mgonjwa mjamzito anapaswa kumjulisha daktari mapema. Jibu hilo lilinitosha, kwa sababu halikupuuza swali wala halikunitia hofu.

Kisha nilipewa mpango wa matibabu ulioandikwa, na hapo nilikuta jambo zuri na kasoro ya kwanza katika karatasi moja. Jambo zuri ni kwamba jino lilitajwa kwa namba, 36, nami nikaelezwa namna ya kuisoma. Katika mfumo huu wa Shirikisho la Meno Duniani, FDI, tarakimu ya kwanza hutaja robo ya kinywa: 1 ni juu kulia kwa mgonjwa, 2 ni juu kushoto, 3 ni chini kushoto, na 4 ni chini kulia. Tarakimu ya pili hulihesabu jino kuanzia katikati ya kinywa, kutoka 1 hadi 8. Basi 36 ni gego la kwanza la chini kushoto, lile linaloota mtoto akiwa na umri wa miaka sita hivi, na ambalo wazazi wengi huliacha lioze wakidhani ni la utotoni na litang'oka tu. Meno ya utotoni, ambayo jumla yake ni 20, robo zake hupewa namba 5 hadi 8. Mgonjwa anayeujua mfumo huo anaweza kuhakikisha kabla ya sindano ya ganzi kwamba karatasi inalitaja jino lilelile linalomuuma, na sioni kinga nyepesi kuliko hiyo dhidi ya kosa la kutibu jino lisilohusika.

Kasoro ni kwamba sehemu iliyobaki ya karatasi ilijaa vifupisho vya kitaalamu. Maelezo ya mdomo yalikuwa mazuri, lakini mtu mwenye maumivu hakumbuki yote aliyoambiwa, na akifika nyumbani hutegemea maandishi. Kliniki inayojali maelezo kiasi hiki haina sababu ya kutoa karatasi isiyosomeka na mgonjwa.

Njia zilizokuwepo zilikuwa tatu, na daktari alizipa zote haki yake. Kuliacha jino lilivyo kulikuwa na matokeo yake, ambayo nimekwisha kuyataja. Kung'oa kungemaliza maumivu haraka, lakini pengo huleta mambo yake: meno ya jirani huinamia upande ulio wazi, jino la juu linalokosa mwenzake huanza kuteremka, na mfupa wa mahali pale husinyaa kadiri muda unavyopita. Kulijaza pengo kunawezekana kwa meno bandia ya kuvaa na kuvua. Au kwa daraja, ambalo huhitaji meno mawili ya kando yasagwe ili yabebe la katikati, hata kama ni mazima. Au kwa kipandikizi, yaani skrubu ya titani inayowekwa ndani ya taya na kuachwa kwa miezi kadhaa mpaka mfupa uishike. Kipandikizi cha aina hii si kitu cha jana, kwani Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi alimtibu mgonjwa wa kwanza kwa njia hiyo mwaka 1965. Hata hivyo kinahitaji mfupa wa kutosha na fizi zenye afya, na uvutaji wa sigara au kisukari kisichodhibitiwa huongeza uwezekano wa kushindwa. Daktari hakunisukuma. Alisema tu kwamba jino la mtu mwenyewe, likiwa linaokoleka, ndilo la kujaribiwa kwanza, nami nikachagua njia ya tatu, kutibu mzizi, yaani kuondoa kiini, kusafisha mizizi kwa ndani na kuijaza.

Niliomba pia antibiotiki, kwa kuwa ndivyo watu wengi tulivyozoea, na kukataliwa kwa heshima ni mojawapo ya mambo yaliyonifanya niiamini kliniki hii. Vidonge haviwezi kukiponya kiini kilichovimba, kwa sababu chanzo kimo ndani ya jino, na kiini kikishakufa damu haifiki tena humo ili kupeleka dawa. Antibiotiki zina mahali pake pale maambukizi yanapoenea, yaani kukiwa na homa au uvimbe unaosambaa usoni, na hata hapo husaidia kazi ya kuondoa chanzo, hazichukui nafasi yake. Uvimbe unaoteremka chini ya taya, ugumu wa kufungua kinywa, kumeza au kupumua, ni dharura ya kukimbilia hospitali saa ileile. Onyo hilo lilibandikwa ukutani kwa maandishi makubwa, na ningependa lingebandikwa katika kila kliniki.

Tiba yenyewe ilinishangaza kwa utulivu wake. Magego ya chini yaliyovimba kiini ni magumu kuyatia ganzi, na daktari alinitahadharisha kwamba huenda sindano ya kwanza isitoshe. Haikutosha, na nilipoinua mkono kazi ilisimama papo hapo mpaka ganzi ikaongezwa kando ya jino lenyewe. Baadaye jino lilitengwa na kinywa kwa kipande cha mpira mwembamba kilichotobolewa tundu moja, likabaki peke yake juu ya mpira huo. Kwa maoni yangu hicho ndicho kipimo cha kwanza cha umakini katika tiba hii. Mpira huzuia mate yenye bakteria yasiingie katika mifereji ya ndani ya mizizi inayosafishwa, na humlinda mgonjwa asimeze chombo kidogo wala kemikali. Wapo wanaouona kuwa kero. Mimi nasema kliniki inayotibu mzizi bila mpira huo inastahili kuulizwa sababu.

Gego la kwanza la chini kwa kawaida lina mizizi miwili na mifereji mitatu, na wakati mwingine minne. Daktari alifungua paa la jino, akaitafuta mifereji mmoja baada ya mwingine, na kupima urefu wa kila mmoja kwa kifaa cha umeme kinachoonyesha ncha ya mzizi ilipo. Urefu huo una maana kubwa: ukiishia njiani unaacha uchafu ndani, na ukipitiliza unajeruhi tishu zilizo nje ya mzizi. Kisha tupa nyembamba kama sindano zilitumika kupanua mifereji na kukwangua kuta zake, huku ikioshwa mara kwa mara kwa sodiamu hipokloraiti, kemikali ileile iliyomo katika dawa ya kupausha nguo. Daktari alisisitiza kwamba tupa huipa mifereji umbo, lakini dawa ya kuoshea ndiyo inayofika kwenye vichochoro ambavyo chuma hakiwezi kuvifikia, kwa hiyo muda mrefu wa kuosha si kupoteza wakati. Mwishoni mifereji hukaushwa na kujazwa gutaperka, utomvu wa mti ulioandaliwa kwa kazi hiyo, pamoja na saruji maalumu ya kuziba nafasi ndogo zilizobaki. Kwangu kazi haikumalizika kwa kikao kimoja. Dawa ya kalsiamu hidroksaidi iliachwa ndani katikati ya vikao, na jino likazibwa kwa muda. Siku chache za kuuma kidogo wakati wa kutafuna nilikuwa nimezitarajia, kwa kuwa niliambiwa mapema, na dawa za kawaida za maumivu zilitosha.

Sasa ile kasoro isiyo ndogo. Gego lililotibiwa mzizi limepoteza sehemu kubwa ya mwili wake, kwanza kwa uozo na kisha kwa kufunguliwa, na nguvu za kutafuna huweza kulipasua. Kwa kawaida huhitaji kofia inayolifunika lote, ambayo wengi huiita krauni, na pia huhitaji kuzibwa vizuri juu ili mate yasivuje na kuichafua upya mifereji iliyosafishwa. Mimi nililisikia jambo hilo mwishoni, tiba ya mzizi ilipokuwa imekamilika. Kofia ni tiba nyingine, yenye gharama yake, muda wake na usagaji wake wa jino, na mgonjwa anayechagua kati ya kung'oa na kuokoa anastahili kuihesabu tangu mwanzo. Niliridhika na kofia niliyowekewa, inakaa vizuri na haigongani na jino la juu, na bado ningechagua njia ileile. Lakini nilikuwa na haki ya kuichagua nikijua yote, na katika kliniki inayojivunia kueleza upungufu huo unaonekana zaidi.

Kuhusu fizi, huduma ilikuwa ya kiwango cha juu kuliko nilivyotarajia kutoka kwa watu waliokuwa wakishughulika na gego moja. Daktari alipitisha kijiti chenye alama za milimita kuzunguka kila jino, akitaja namba kwa sauti huku msaidizi akiandika. Kina cha nafasi iliyo kati ya fizi na jino kikiwa milimita 1 hadi 3 bila damu ni cha kawaida. Kuanzia 4 kwenda juu, hasa kukiwa na damu, kuna jambo la kuangaliwa. Ukoga usioondolewa kwa mswaki huganda na kuwa ugaga, na ugaga hautoki kwa mswaki hata ukisugua kwa nguvu kiasi gani. Fizi zilizovimba na kutoka damu kwa sababu hiyo hupona zikisafishwa. Lakini ugonjwa ukiteremka na kuanza kula mfupa unaoshikilia jino, mfupa huo haurudi wenyewe, na lengo la tiba huwa kuuzuia usiendelee. Watu wengi huacha kupiga mswaki mahali panapotoka damu, na hivyo kuupa ugonjwa nafasi zaidi. Baada ya ugaga kukwanguliwa nilihisi mianya kati ya meno, nikaelezwa kwamba enameli haikusagwa: mianya hiyo ilikuwa imejazwa na ugaga na fizi zilizovimba. Daktari aliuliza pia kama nina kisukari, kwa kuwa kisukari huzidisha ugonjwa wa fizi, na ugonjwa wa fizi nao huifanya sukari ya damu iwe ngumu kudhibitiwa.

Jino jingine lilikuwa na doa jeupe lisilong'aa, dalili ya enameli inayoanza kupoteza madini, na hapo daktari hakutoboa. Uso wa enameli ukiwa haujavunjika, madini yanaweza kurudi kwa msaada wa floridi, kwa hiyo alipaka vanishi ya floridi na kunishauri dawa ya meno yenye floridi ya 1000 hadi 1500 ppm (sehemu kwa milioni), mara mbili kwa siku, kwa dakika mbili, na kutema povu bila kusukutua kwa maji mengi. Namheshimu sana daktari anayejua kutotoboa.

Tundu dogo katika jino la tatu lilizibwa kwa kompositi, dawa ya kuzibia yenye rangi ya jino inayogandishwa kwa mwanga wa bluu. Nilielezwa kwamba kompositi hushikana na jino lakini huhitaji pakavu kabisa wakati wa kuwekwa. Kwamba glasi-ayonoma, dawa nyingine ya kuzibia, huvumilia unyevu zaidi na hutoa floridi, ila ni dhaifu mahali pa kutafunia. Na kwamba amalgamu, dawa ya kuzibia ya metali ambayo karibu nusu yake ni zebaki, ni imara lakini inaondolewa polepole kwa ajili ya mazingira, kufuatana na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ambao ni mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kuanzia Januari 1, 2025, isipokuwa daktari anapoona mgonjwa anaihitaji kwa sababu za kitiba.

Kilichobaki ni ufuatiliaji. Picha ya eksirei hupigwa tena baada ya miezi kadhaa hadi mwaka mmoja, ili kuona kama mfupa uliolika kwenye ncha ya mzizi unajijenga upya, na hiyo ndiyo njia ya kujua kama tiba imefaulu, kwa sababu jino linaweza kukaa kimya huku ugonjwa ukirudi. Kliniki iliniandikia tarehe hiyo kwenye karatasi, lakini haina utaratibu wa kumkumbusha mgonjwa, ambaye kwa kutohisi maumivu yoyote husahau kwa urahisi. Ujumbe mfupi wa simu ungetosha. Anayekwenda huko kutibiwa gego aombe siku ya uchunguzi kwamba kofia iandikwe katika mpango pamoja na gharama yake, na aombe vifupisho viandikwe kwa maneno kamili. Mimi nilipoviulizia, msaidizi wa daktari aliketi nami na kuviandika vyote papo hapo.